Watu Wafupi wa Jumamosi

Musoma,
10 Machi 2024

Mjomba wangu mpendwa Thadeo,

Shikamoo Mjomba. Habari za Butiama, za parokia na za ng'ombe wako watatu? Sisi huku wazima. Baba anakusalimu kutoka kwenye cherehani yake, na wiki hii tunaanza mfungo. Hofu yetu ni goti lako. Marieta ameniambia alipokuja kuuza dagaa gulioni kwenu alikuona unachechemea, na dawa ya kuchua umeikataa kwa sababu inanuka. Mjomba, dawa zote zinanuka.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nikikutumia ujumbe wa simu unanijibu "Sawa". Mwezi uliopita nilikuuliza kama mvua imenyesha, ukajibu "Sawa". Barua hii anakuletea Marieta, na majibu mpe yeye.

Nina jambo. Kila Jumamosi nikishafunga steshenari yangu saa nane, wenzangu watatu wanakuja tunacheza mchezo wa mezani. Hasna anasomea uuguzi, Anuari ni fundi simu, na Gibson ni seremala, anatoka Bunda kila wiki kwa ajili hiyo tu. Mimi ndiye msimulizi. Kila mmoja wao ana mtu wake wa kubuni. Mimi nasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika," wao wanasema wanafanya nini, kisha wanarusha dadu yenye pande ishirini tuone kama wamefaulu. Hadithi moja tunaweza kuicheza mwaka mzima.

Sasa kwenye kitabu cha mchezo kuna kabila la watu wafupi. Kitabu kinawaita kwa Kiingereza jina lenye maana ya watu nusu. Ni wezi, walafi, wana mikono dhaifu, na kazi yao kubwa ni kuchekesha. Msimulizi anaruhusiwa kubadilisha, na mimi nataka kuwaumba upya. Nimehangaika nao wiki mbili nimeshindwa. Halafu nikakufikiria wewe. Nasema wazi, Mjomba: wewe ndiye mtu mzima mfupi kuliko wote ninaowajua, na sijawahi kukuuliza hata siku moja dunia ikoje ukiitazama kutoka hapo ulipo. Niliona aibu kuuliza. Leo nauliza. Ukikasirika, nikaripie kwa karatasi, nitavumilia.

Na lile swali langu la kila mwaka: utakuja lini Musoma? Tangu mama afariki ni miaka kumi na minne hujakanyaga mji huu. Ni mimi tu nakuja kwako kila Krismasi. Baba nikimuuliza anasema, "Muulize mwenyewe." Nataka uje ukae mezani kwetu siku watu hawa watakapoingia kwenye hadithi. Mwaka huu hilo ndilo nalitaka kuliko kitu kingine chochote.

Mpwa wako,
Yasmin


Butiama,
19 Machi 2024

Mpwa wangu Yasmin,

Marahaba mwanangu. Goti linaendelea na maisha yake, mimi na yangu. Ng'ombe wazima. Nyinyi mko kwenye mfungo, sisi kwenye Kwaresma, kwa hiyo mkoa mzima una njaa na barua hii itakuwa ya ukweli.

Kwanza nikuulize kama katekista: hiyo dadu si kamari? Nani anashinda? Kama hakuna anayeshinda, basi ni kama kikao cha parokia, endeleeni.

Pili, sijakasirika. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akauliza kama kuna mgeni. Miaka hamsini na nane watu wananitazama, na wewe ndiye wa kwanza kuuliza mimi natazama nini. Lakini hao watu nusu, ni nusu ya nini? Mimi nina mita moja na sentimita ishirini na mbili. Nimepimwa hospitalini mara nyingi kuliko gunia la pamba, na sijaona kipimo kilichoandika kwamba sehemu nyingine imebaki nyumbani.

Haya, andika. Mimi namjua mtu kwa magoti yake. Kwenye mkutano nyinyi mnatazama uso wa mwenyekiti, umetulia, mnaamini. Mimi naona mguu wake chini ya meza unatetemeka kama cherehani ya baba yako, najua anadanganya. Watu wako wafupi hawadanganyiki ovyo. Dukani, kaunta ni ukuta. Muuzaji ananijua kwa kikohozi, na mimi namjua kwa ndala zake. Kwenye nyasi ndefu siwaoni ng'ombe wangu kabisa, nawasikia. Nimefunga kengele tatu za sauti tofauti, na naweza kukuambia yupi anakula, yupi amesimama, na yupi anaelekea shamba la watu. Kitabu chako kinasema mikono dhaifu. Kimewahi kuchonga kigoda cha mninga, miguu mitatu kutoka gogo moja, bila msumari? Mimi nachonga viwili kwa wiki na vinanunuliwa mpaka Kiabakari.

Lakini bado hujaniambia mambo ya msingi. Hao watu wanakula nini? Nani anawazika? Wakigombana wanasuluhishwa na nani? Kabila halianzi kwa urefu, mwanangu. Jina usiwape haraka, tuwajue kwanza.

Kuhusu Musoma, mji uko palepale, hauendi popote.

Mjomba wako,
Thadeo


Musoma,
7 Aprili 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole na Kwaresma na hongera ya Pasaka, sisi tunasubiri mwezi uandame. Hapa wote wazima, ila mtaa wa Mukendo umeme unakatika kila mtu akitaka fotokopi.

Barua yako nimewasomea wenzangu. Gibson alisimama, akasema, "Huyu mzee mimi nilikuwaga namtafuta maisha yangu yote." Anuari ameanza kutazama miguu ya wateja wake chini ya meza. Anasema wanaodai simu ilijiharibu yenyewe wote wanatikisa mguu.

Sasa nakujibu. Wanakula michembe ya viazi vikavu na maziwa ya mgando, na vile visamaki vya ziwani, furu, wa kukaanga siku za sherehe. Wakifa wanazikwa na watoto wa majirani, siyo wa kwao, ili kila nyumba iwe na undugu na nyumba nyingine. Wakigombana wanakwenda kwa mtu ambaye hajawahi kuona nyuso zao, anakaa nyuma ya pazia, anatazama miguu tu. Hiyo ya mwisho nimekuibia wewe.

Ndani ya bahasha kuna mchoro wa mji wao. Nimeuweka juu ya mawe makubwa kama ya huku kwetu. Angalia vizuri, kila kitu ni cha kimo chao! Milango inanifika mimi kiunoni. Viti, meza, visima, hata kengele ya mji, vyote viko chini. Hakuna anayenyoosha mkono kufikia kitu. Na pale langoni nimeweka boriti, mtu mrefu akiingia bila kuinama anagonga kichwa. Baba aliuona mchoro akacheka, halafu akaugeuza kifudifudi, akarudi kwenye cherehani. Sikujua kwa nini.

Nimeuchora siku nne, Mjomba. Nafikiri hapa wangefurahi kuishi. Wewe je, ungeishi hapo?

Mpwa wako,
Yasmin


Butiama,
17 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, na Idi njema. Mvua huku ni ya kumwaga na ndoo. Ng'ombe mmoja, yule wa kengele nzito, amezaa dume.

Mchoro ni mzuri sana, nimeubandika ukutani. Umeniuliza kama ningeishi hapo. Hapana mwanangu, ningehama siku ya tatu. Umewajengea mji ambao hakuna mtu mrefu anayeweza kuwatembelea. Sasa nani atakuja kuwasalimia? Wataoa wapi? Watamwuzia nani vigoda?

Wewe umekuja kwangu kila Krismasi na hujauona mlango wangu. Mlango wa nyumba yangu ndio mrefu kuliko yote hapa mtaani. Siku naujenga, fundi Masatu aliniuliza, "Mzee, huyu anayeingiaga humu ni twiga?" Nikamwambia pandisha, tena ongeza tofali mbili. Nilikuwa namjengea mama yako. Alikuwa mrefu mpaka nyumba za watu alikuwa anaingia ameinama kama anatafuta sindano. Nilisema, dada yangu hatainama kwangu. Mimi mlango wowote napita, kwa hiyo mlango si wangu, ni wa mgeni. Waandikie watu wako hivyo: ukitaka kujua wanavyokupenda, angalia urefu wa mlango wao.

Na waondolee hayo mambo ya kila kitu kuwa chini. Mtu anataka kufikia juu kama watu wengine. Sisi tunatumia kigoda. Butiama hapa, kila nyumba ninayoingia kuna kigoda nilichokichonga mimi nikakiacha. Nyumba ambayo kigoda kinatolewa kabla sijaomba, hiyo nitakula mpaka wanifukuze. Kigoda hakina maneno mengi. Unapanda mwenyewe, unashuka mwenyewe, na miguu yako inakuwa pale ulipoiweka wewe.

Ile boriti ya langoni ing'oe. Ni uchoyo.

Mjomba wako,
Thadeo


Musoma,
28 Aprili 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo! Hongera ya ndama. Natumaini goti na nyumba vyote vinastahimili mvua hii. Sisi wazima na nina habari njema.

Nilifuta milango yote nikachora upya. Boriti nimeing'oa. Jana Jumamosi wameingia kwenye hadithi kwa mara ya kwanza! Hasna amechukua mtu wa kabila lao, mwanamke mchonga vigoda anayeitwa Matinde. Ungemsikia. Alimkamata mfalme mwongo kwa kumtazama magoti. Gibson alipiga meza, chai ikamwagika kwenye kitabu.

Halafu wakafika mtoni, maji yamejaa. Anuari, yeye mtu wake ni jitu, jina lake Jabali, urefu wa nyumba. Hakuuliza mtu. Alimshika Matinde kwapani, hop! akamweka shingoni, akavuka naye. Hasna akaanza kulia kwa sauti ya kitoto, "Nishushe wee! Nishushe!" huku anarusha miguu chini ya meza. Tulicheka mpaka baba akaja kuchungulia. Mimi machozi yalinitoka. Nikaandika kanuni mpya hapohapo: jitu likimbeba mfupi, wote wawili wanaongezewa pointi mbili. Tumeamua wawe wanasafiri hivyo siku zote, ni mapacha sasa.

Nina hakika utaipenda. Niambie basi utakuja lini, kiti chako nimeshakiweka.

Mpwa wako,
Yasmin


Musoma,
2 Juni 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huu ni mwezi wa pili sijapata barua yako. Marieta anasema amekuona, ni mzima, na dagaa umenunua. Nilimwuliza kama barua yangu ulisoma. Akasema, "Alisomaga palepale amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Hata chenji hakusubiri."

Nimekupigia mara tatu, simu inaita tu. Nimekutumia ujumbe kuuliza kama unaumwa, ukajibu "Hapana". Sikuwahi kufikiri nitaikumbuka "Sawa" yako.

Mjomba, kama kuna nililokosea niambie. Nimeisoma nakala ya barua yangu tena na tena natafuta kosa silioni. Ni kwamba wewe ni katekista na huu mchezo una wafalme na mazimwi? Ni ile pointi mbili, umeona ni kamari? Baba nimemsomea. Alisimamisha cherehani, akasema, "Mwandikie tena." Akaendelea kushona.

Mchezo tumeusimamisha. Nimewaambia wenzangu naumwa kichwa.

Mpwa wako,
Yasmin


Musoma,
7 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari mpya. Sisi wazima.

Sikuandikii tena juu ya mchezo. Nataka kujua kama bado mimi ni mpwa wako. Upande wa mama sina mtu mwingine.

Yasmin


Butiama,
21 Julai 2024

Mpwa wangu Yasmin,

Marahaba, na ya barua iliyopita, na ya ile nyingine kabla yake. Wewe ni mpwa wangu mpaka siku ya kuzikwa, swali hilo usiniulize tena.

Sikuwa naumwa. Nilikasirika, na hasira yangu haina haraka, inakuja kwa mguu. Niliandika barua nne nikawashia jiko. Hii ni ya tano na nimemwita Marieta akae mlangoni asubiri, ili nisiichome.

Umeniuliza miaka yote kwa nini siji Musoma. Nitakuambia mara moja.

Mwaka ule mama yako alipofariki, habari zilinifika asubuhi, nikafika Musoma saa saba mchana. Nyinyi mnazika mapema, kwa hiyo walikuwa wananisubiri mimi tu. Chumba kilijaa watu. Wakaita, kaka wa marehemu aje aage. Dada yangu alikuwa amelazwa juu ya kile kitanda cha zamani cha baba yako, kirefu, na mimi pale chini naona mbao za kitanda na upindo wa shuka. Nikageuka kutafuta kiti. Nilikuwa naanza kusema "naomba kiti". Maneno mawili tu, Yasmin. Kabla sijafungua mdomo, baba yako mdogo Omari akanishika kwapani kutoka nyuma, akaninyanyua juu kama mtoto anayeonyeshwa ngoma.

Omari ni mtu mwema, na machozi yalikuwa yanamtiririka. Alitaka kunisaidia. Lakini miguu yangu ilining'inia mbele ya wanaume na wanawake wote wa ukwe wangu, mimi mtu mzima, kaka wa marehemu. Kuna mtoto akacheka. Nikafumba macho kwa aibu, na mpaka aliponishusha nilikuwa nimeyafumba. Nilitoka nje, nikaenda stendi. Walipokuwa wanambeba kwenda makaburini mimi nilikuwa ndani ya gari.

Sikumwona dada yangu. Nilisafiri kwenda kumwona mara ya mwisho, nikawekwa juu yake kabisa, na sikumwona. Hata kaburi lake silijui liko upande gani.

Ukaniandikia Matinde amebebwa kwapani na wote mmecheka.

Hukujua, najua hukujua. Uliniomba sheria za watu wako, basi hii ndiyo ya kwanza, na nyingine zote ziko chini yake: asiinuliwe mtu bila kuulizwa. Ukimwinua umemwondoa mahali aliposimama, hata kama unampeleka pazuri.

Musoma siwezi kuja. Hasira imekwisha siku nyingi, ila nikiufikiria mji huo naiona miguu yangu inaning'inia.

Mjomba wako,
Thadeo


Musoma,
30 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali, najua barua ile imekugharimu.

Uliandika kuna mtoto alicheka. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa kwenye mkeka na bibi, nimebanwa katikati ya wanawake. Siku ile sikuelewa chochote, kila mtu analia, hakuna anayeniambia mama ataamka saa ngapi. Halafu nikakuona unapanda juu hewani, na viatu vyako vya kanisani vinazunguka. Nikacheka. Bibi alinifinya mpaka nikavilia damu pajani. Kile kicheko nakikumbuka siku zote, Mjomba, ila nilijiambia nilicheka kitu kingine. Na mwaka huu, mtu mzima kabisa wa miaka ishirini na tatu, nikacheka tena kitu kilekile, na bado sikujijua.

Naomba radhi. Kwa la utotoni, na zaidi kwa hili la Aprili, maana hili nimelifanya na akili zangu.

Baba nimemsomea barua yako. Amelia. Amesema siku ile alikuona unatoka, akadhani unakwenda kunawa uso, akakusubiri. Alipojua umeondoka aliona haya kukufuata, na haya ikageuka miaka.

Wenzangu sikuwaambia mambo yako, ni yako. Niliwaambia tu kwamba nilikosea kanuni. Ile ya pointi mbili nimeifuta. Jumamosi tulirudi mtoni. Nikasema, wazee wa watu wafupi wamemwita Jabali barazani. Anuari akajitetea, "Lakini mimi nilikuwa namsaidia tu!" Wazee wakamjibu kupitia mimi, wanajua, na ndiyo maana wamemwita badala ya kumfukuza. Wakamwuliza, "Matinde alikuwa anataka kuvuka?" Anuari akamgeukia Hasna. Hasna akafikiri, akasema, "Hapana. Matinde alikuwa anataka kuchonga daraja." Hakuna aliyecheka. Anuari aliweka dadu chini, akasema, "Mbona hukusema?" Hasna akamjibu, "Nilikuwa juu."

Lile daraja wanaendelea kulijenga. Jabali anabeba magogo, na ameanza kuuliza kila gogo liwekwe wapi mpaka imekuwa kero.

Swali langu la kila mwaka nimelifuta. Siombi tena uje. Krismasi nitakuja mimi kama siku zote, na nitautazama mlango.

Mpwa wako anayekupenda,
Yasmin


Musoma,
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Yasmin mwanangu,

Marahaba. Usitazame tena hapo juu, umesoma vizuri, ni Musoma. Nimefika leo saa nne kwa gari la asubuhi na niko kwa Marieta, Buhare. Wanawe wananitazama kwa zamu. Jambo hili ningeweza kuja kukuambia kwa mdomo, ila nitalia na chai itapoa, kwa hiyo naliandika kwanza na Marieta atakuletea jioni hii.

Nilijua ni wewe uliyecheka. Nilijua palepale nikiwa juu. Ulicheka kama mama yako, yeye alikuwa anaanza na pumzi kabla sauti haijatoka. Nimefumba macho, nikasikia kicheko cha dada yangu ndani ya chumba alimolala amekufa, na kwa nukta moja nikaamini ni yeye. Hicho ndicho kilichonivunja. Sikutaka ulijue hilo ukiwa mtoto, na ulipokua sikujua pa kuanzia. Mtoto wa miaka tisa hana kosa. Ila ulipoomba radhi nimelala vizuri siku nne mfululizo, nisikufiche.

Nilikwenda dukani kwa Omari. Amezeeka kuliko mimi, nimefurahi. Alinitambua nikiwa bado barabarani. Nikamwambia, "Nionyeshe." Hakuuliza nini. Akavaa kofia, akafunga duka, tukatembea mpaka makaburini. Getini akasimama, akaninyooshea kidole: mstari wa tatu, penye jiwe jeupe. Nikaenda mwenyewe.

Yasmin, kaburi liko chini. Unaona ninavyoandika jambo ambalo hata mtoto analijua, lakini miaka kumi na minne mimi nilikuwa bado niko kwenye ubao wa kile kitanda. Nilisimama pembeni yake na lote likawa mbele yangu, upande wa kichwa mpaka upande wa miguu. Sikuhitaji kuomba kitu kwa mtu. Nikamtazama dada yangu kwa muda nilioutaka mimi. Nimemwambia habari za ndama, na za goti. Nimemwambia ana binti anayeuliza maswali. Nilipogeuka, Omari alikuwa amenipa mgongo, analia au ana mafua, sikumwuliza.

Mwambie baba yako kesho nitakula kwake.

Na saa nane nitakuwa steshenari. Huyo Matinde mwachie Hasna, anamweza. Mimi mwandikie mtu wangu mpya kwenye karatasi, jina nitampa mwenyewe nikishakaa. Nimefikiri njia nzima kutoka Butiama na nimeamua: nataka kuwa jitu. Mnalo moja tu hapo mezani, na ndiyo kwanza linaanza kujifunza kazi.

Mjomba wako,
Thadeo